Nilimfichia Mtani Wangu Pampu Tukienda Kuwinda Kanga

Kosa ni langu peke yangu, wala sitafuti wa kumsingizia. Hata shetani siku ile alikaa pembeni ananitazama, anajifunza.

Niacheni niseme jamani, maana nikimwambia mke wangu ataniuliza, "Na wewe ulitegemea nini?" Nilimfanyia ubaya mtani wangu, nikampoteza, kwa sababu ya baiskeli na ndege wa porini. Kanga! Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, baba wa watoto watatu!

Mimi ni Mnyamwezi, naishi Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora. Jirani yangu ni Mzaramo anayefundisha shule ya msingi, hapa nimwite Mwalimu tu. Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka mizigo Pwani kwa miguu, na huyu alikuwa mtani kwelikweli. Kwenye harusi yangu alikalia kiti cha bwana harusi, akagoma kuondoka mpaka apewe jogoo. Akapewa. Kwa miaka tisa, kila asubuhi alinigongea ukuta: "Mtumwa wangu, umeamka au nikakuuze?" Nami namjibu kwamba sokoni hakuna anayenunua Mzaramo, anakula sana na kazi hafanyi. Hapo siku yetu imeanza.

Sasa balaa. Mjomba wangu yuko Goweko, ni mwindaji wa kanga. Bunduki yake na kibali chake vyote ni halali, msije mkanianzia hapo. Msimu ukifunguliwa anaingia porini kwa baiskeli siku mbili tatu, pamoja na watu wa kumbebea maji na chakula. Mwaka huu akatuita mimi na Mwalimu. Akasema magoti yamechoka, na kelele za watu wengi zinamkimbizia ndege. Twende wote safari moja, halafu atachagua mmoja tu awe mwenzake wa kudumu, amwonyeshe njia zake na visima vyake vyote.

Mmoja! Mimi ndiye mpwa wake, damu yake, nikajua nafasi ni yangu. Halafu nikaona anavyocheka na Mwalimu, anavyompiga begani, na wivu ukaniingia. Nawaambia kweli, hata chakula kilinishinda.

Mwalimu hakujua lolote kuhusu baiskeli za porini. Akanijia mwenyewe. "Mtumwa wangu, nichagulie. Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Na kweli nilijua, mjomba alinifundisha tangu niko shuleni. Baiskeli ya kuwindia haitakiwi kupiga kelele. Unang'oa kengele, unang'oa madigadi maana yanagonga, keria unaizungushia vipande vya tyubu kuukuu ili mzigo usilie. Friwili unaijaza grisi mpaka inyamaze. Tairi ziwe nene zenye meno, na ndani unavisha tairi jingine kuukuu lililokatwa kingo, mwiba ukipenya ukutane na ukuta wa pili. Gia tatu nne zinatosha, zilizobaki zinakusanya majani tu. Springi zinapendeza dukani, lakini ukishapakia dumu la maji zinakunywa nguvu zako zote. Na rangi iwe imefubaa. Ya kwangu niliiandaa hivyo hivyo, sikuacha hata kimoja.

Ya Mwalimu je? Ewe Mola, nisamehe!

Tulikwenda mjini wanakouza baiskeli za mtumba. Palikuwa na moja nyeusi, nene, imetulia, nikampitisha haraka kama naficha maiti. Nikamchagulia ya njano. Njano ya kiini cha yai! Ina springi mbele na nyuma, gia ishirini na moja, na tairi nyembamba za kukimbilia lami. "Nyepesi hii, utapaa," nikamwambia. Nikamshauri aongeze madigadi ya kung'aa, kengele kubwa ya vikombe viwili, na zile shanga za plastiki za kwenye spoki zinazolia chwa-chwa-chwa.

"Kengele porini ya nini?" akauliza. Si mjinga, Mwalimu.

"Kanga hajawahi kuisikia. Akiisikia anasimama kushangaa, hapo mjomba anapiga."

"Hee! Kumbe!"

"Na njano ni usalama wako, usije ukadhaniwa mnyama."

"Nyie Wanyamwezi mna akili," akasema, "sema mnazificha."

Fundi aliyekuwa anafunga zile shanga aliinamia gurudumu, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mpaka hapo ulikuwa utani, na utani mtamu. Laiti ningeishia hapo!

Siku ya safari tulifika Goweko asubuhi, tukatoa shikamoo, mjomba akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye baiskeli ya njano. Akaizunguka mara mbili. "Mwalimu, tunakwenda kuwinda au unakwenda kuoa?"

Mwalimu akanigeukia. Akaelewa yote kwa mpigo mmoja, akacheka mpaka akashika mbavu. "Umenipata, mtumwa wewe! Zamu yangu inakuja, andaa kaburi!" Akaifunga kengele kwa kitambaa, akakata shanga kwa kisu, madigadi akayang'oa. Mjomba naye anacheka, anamvuta wakae wote wanywe chai.

Ndipo roho mbaya iliponipanda. Nilitaka achukiwe, kumbe ndiyo kwanza anapendwa! Wao wakiwa kwenye chai, nikachomoa pampu kwenye begi lake, nikaisukumia nyuma ya ghala la mahindi. Nikarudi, nikaomba na mimi kikombe.

Mjomba akagawa mizigo. Mimi unga, sufuria na chumvi. Mwalimu madumu mawili ya maji. Tukaingia porini, mjomba mbele, mimi katikati, Mwalimu nyuma.

Saa nne hivi nikasikia, "Mtani! Pancha!" Nikarudi nikamkuta ameshalifungua tairi, lina miiba minne. "Viraka ninavyo, gundi ninayo, pampu siioni. Niliiweka mwenyewe humu."

"Wazaramo mnasahau hata vichwa," nikasema.

"Haya, nitukane baadaye. Nipe yako."

Yangu ilikuwa imefungwa kwenye fremu, imefunikwa na mfuko wa unga. Nikamwambia sikubeba. Kwa mdomo huu huu ninaoulia ugali!

Nikamwambia anisubiri, nakwenda kumwita mjomba. Nilipomfikia mjomba nikasema, "Mwalimu amegeuza. Anasema miguu imemshinda." Mjomba akasikitika, akatikisa kichwa, tukaendelea. Nilipiga pedeli huku naimba moyoni. Nafasi yangu hiyo, nani ataninyang'anya tena?

Mungu si Athumani! Saa saba, jua limesimama utosini, mjomba akashuka kwenye baiskeli, akafuta jasho, akanyoosha mkono. "Mpwa wangu, leta maji."

Maji!

Maji yote yalikuwa kwenye baiskeli ya njano. Kichupa chake mjomba alishakimaliza, na kisima alichokitegemea tulikikuta kimebaki matope makavu yenye nyayo za ng'ombe. Akakaa chini. Mzee wa miaka sabini, midomo imekuwa myeupe, anapumua kwa kifua kizima. "Kama Mwalimu aligeuza, mbona hakutuachia maji?" akauliza. Nilishusha mfuko wa unga nikaukalia. Kilo tano za unga mkavu, na mjomba wangu ananifia mbele ya macho! Nikasema nirudi kuyatafuta, akanishika shati, akasema nisimwache peke yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu.

Tukasikia kengele. Mbali, halafu karibu.

Ni Mwalimu. Alikuwa amefuata alama za tairi zetu kwenye mchanga, kengele ameifungua kitambaa, anaipiga tujue aliko. Lile tairi amelijaza majani makavu, limevimba upande mmoja, baiskeli inatembea kama bata. Hakuna aliyemfundisha hilo. Amelowa jasho mpaka viatu, na madumu yote mawili yamejaa.

Alimpa mjomba kwanza, kidogo kidogo, amemshika kisogo. Kisha akanipa mimi. Niliponyoosha mkono kupokea, macho yake yakaenda kwenye fremu yangu, ambako mfuko wa unga haukuwepo tena na pampu iko wazi.

"Ulisema hukubeba."

"Ulikuwa utani tu, mtani wangu."

"Na yangu?"

"Na yenyewe... utani."

Hakunitukana. Nilimsubiri anitukane, hakunitukana. Ni mjomba aliyesema, sauti bado inakwaruza. "Nani kakufundisha utani wa namna hiyo? Mtani utamla kuku wake, utamtukana babu yake, utalala kwenye kaburi la baba yake. Mzigo wa mtu aliye njiani hauguswi! Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wanatukanana na watani njia nzima. Hakuna aliyemfichia mwenzake kibuyu."

Nafasi ilikwenda kwa nani, mmeshajua. Mwalimu ameibadilisha ile njano, siku hizi ana baiskeli nyeusi, na Jumamosi alfajiri anapita dirishani kwangu kwenda Goweko bila kutoa mlio hata mmoja. Mjomba ndiye aliyemwandalia.

Nilimpelekea majogoo wawili kumwomba radhi. Akasema, "Yameisha, ndugu yangu." Akanirudishia majogoo wangu. Mzaramo, anarudisha kuku! Nilipaswa kujua palepale kwamba hali ni mbaya.

Mwezi uliopita tulimzika baba yangu mdogo. Watani walikuja, sifa zote kwao. Mmoja aliingia kaburini akalala, anadai soda ndipo atoke. Mwingine alivaa koti la marehemu, anamwigiza anavyotembea na kitambi chake, shangazi zangu wanalia na kucheka pamoja. Mimi macho yangu yalikuwa njiani. Nikamwona Mwalimu anakuja, nikajisemea, sasa huyu atalizuia jeneza, ataniambia marehemu kafa kwa aibu ya kuwa na mtoto kama mimi. Njoo, mtani! Njoo unitukane mbele za watu!

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, bwana. Mungu awape nguvu." Akaandika jina kwenye daftari la rambirambi, akaenda kukaa kule nyuma na wageni, akatulia mpaka mwisho.

Nililia sana. Watu walidhani namlilia baba mdogo.

Basi wewe unayegongewa ukuta asubuhi na kuitwa mtumwa, amka umjibu, umtukane na wewe mpaka achoke. Mle kuku wake, mharibie harusi. Lakini akiwa safarini na anakutegemea, mikono yako iache mfukoni. Maana siku atakapokupa pole kwa adabu, utalia, na hutakuwa na mtani wa kukuchekesha.