Kiama cha Ijumaa

Desemba 2012, redioni waliposimulia kwamba kalenda ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika, inakoma Ijumaa na dunia itaisha nayo, watu wa Msowero walicheka. Kishiwa peke yake aliamini. Wanawe walikwishahamia Lindi na ng'ombe, na hofu yake kubwa ilikuwa kufa bila mtu wa kumfumba macho.

"We Mama Ngolo, hao Wamaya umewaona mnada upi?" jirani yake Magreti alimtania. "Hebu kalime!"

"Kifo cha wengi harusi, mwenzangu," Kishiwa alijibu, akifagia uwanja kama anayengoja wageni.

Jumamosi jua lilichomoza kama kawaida. Kishiwa alibeba jembe akaenda shambani, kifo chake kikiwa kimemrudia, cha mtu mmoja.