Mate ya Wankyo

Wankyo Werema aliishia darasa la saba, lakini hilo la saba alilisoma barabara. Ndiyo maana alipoajiriwa kupika katika shule moja ya msingi kule Nyasura, hakuna mwalimu aliyemtisha kwa maneno makubwa. Miaka kumi na miwili aliwapikia watoto uji na walimu chai, ananuka moshi na wala hajali.

Mwaka huu ikaja semina Musoma mjini. Mwalimu Gody, mgeni wa mkoa huu, akarudi na fulana mpya na jambo jipya: Duara la Hisia. Kila Jumatatu darasa la saba walikaa chini kwa mduara, mtoto akaeleza yaliyo moyoni. Sheria ikabandikwa ukutani: Lisemwalo duarani linabaki duarani.

Wankyo alilipenda. "Angalau siku hizi mtoto anaulizwaga," alisema.

Basi Lilian, binti mpole anayelelewa na shangazi yake, akafungua moyo. Akasema tangu mama yake afariki analala jikoni pamoja na mbuzi, ndiyo sababu sare yake inanuka, na anaona aibu.

Siku hiyohiyo saa nne, Wankyo aliingia ofisini na birika. Akamkuta Gody amesimama, anamwigiza yule mtoto, sauti na macho ya machozi na yote, akamalizia na "Meee!" Walimu wazima, wenye watoto wao, wakacheka hadi wakapaliwa na chai. Dirisha lilikuwa wazi. Kabla kengele haijalia, uwanja mzima ulikuwa unamlilia Lilian "Meee!"

Wankyo akageuka na birika lake, akatoka bila kumwongezea mtu chai.

Jumanne Lilian hakuja. Jumatano hakuja. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu. Ijumaa Wankyo akaosha masufuria yake, akamfuata kwa shangazi.

"Siendi, bibi. Duara lenyewe limetoboka."

"Usipofanya mtihani utalala na hao mbuzi mpaka uzeeke. Jumatatu vaa sare."

"Inanuka."

"Na mimi nanukaga moshi, mbona uji wangu wanaugombania? Tutaingia wote."

Jumatatu wakaingia wote. Wankyo akakaza kanga kiunoni, akakaa duarani, Lilian ubavuni pake. Gody akatoa tabasamu lake la semina.

"Karibu, bibi. Leo unajisikiaje?"

"Kichefuchefu."

Watoto wakaangua kicheko.

"Kimesababishwa na nini?"

"Na wewe. Mtoto amekupa siri ya moyo wake, ukaenda kuichezea ngoma ofisini, mimi nimeshika birika nakuangalia."

"Bibi! Mambo ya ofisini hayasemwi mbele ya wanafunzi!"

"Ahaa! Kumbe ofisini kuna siri. Huku duarani ndiyo hakuna."

Hakuna aliyecheka tena. Wankyo akamsimamisha Lilian, akamtemea mate kifuani. Ptu, ptu.

Gody akadakia, "Mnaona? Hata yeye anamwona mchafu!"

Watoto wakamkodolea macho mwalimu wao kama mtu aliyevua suruali kanisani. Wengi wao walikwisha kutemewa hivyo na bibi zao, siku ya safari, siku ya ugonjwa. Ile ni baraka, na mwanamke mzee haigawi ovyo. Samwel, aliyekuwa kinara wa kulia "Meee", akasogea pale chini, akapapasa nafasi aliyoiacha.

"Lilian, kaa hapa."

Lilian akakaa. Hakukosa shule tena, na siku ya mtihani alikuwa wa kwanza getini.

Lakini saa nne ya Jumatatu ile, wenzake wakiwa wamekwisha kumweleza maana ya mate yale, Gody alikuja jikoni na kikombe, anachekacheka.

"Bibi, yaishe basi. Na mimi nitemee kidogo."

Wankyo akamtazama kuanzia fulana hadi viatu. Akageuza uso, akatema kwenye majivu.

Hayo, Gody hakuhitaji wa kumweleza.