Mlango Aliouruka Mahfudha

Ukitaka kumuudhi Mahfudha wa Bondeni, msifu. Mimi nilijaribu, akanirudishia sahani yangu tupu bila hata kunitazama.

Ni muuza viazi vya karai, na sauti yake akiita wateja husikika mtaa mzima. Kwa ajili ya sauti hiyo, kina mama tulipoanzisha kundi letu la mafuriko tulimpa firimbi na kichochoro chenye nyumba kumi na moja. Mvua ikizidi, agonge kila mlango, watu wapande ghorofani madrasa.

Mwezi wa Mei mvua ilimwagika tangu adhuhuri. Mahfudha akajifunga buibui kiunoni, akagonga milango kumi. Wa kumi na moja akauruka. Ulikuwa wa Bi Mwanakuu, aliyefiwa na mumewe na bado yumo edani, hatoki wala haonani na wanaume wa nje. Mahfudha aliona haya kumtoa mwenye eda na kumpeleka kwenye ukumbi wa madrasa uliojaa wanaume. Haya gani hizo! Kila mtu anajua dharura ina ruhusa yake, na yeye pia alijua.

Maji yakaingia. Bi Mwanakuu alipojaribu kutoka peke yake, mlango ulishaelemewa, haufunguki. Alisimama juu ya kitanda, maji yakamfika kiunoni, mpaka yalipopungua kabla ya magharibi. Alitoka hai, lakini kifua chake hakijapona hadi leo.

Kwenye mkutano, Terry, mwenyekiti wetu, alimpongeza Mahfudha mbele ya watu wote kwa kazi nzuri, tukidhani aligonga milango yote. Mahfudha akainamisha kichwa. Tangu siku ile, kila asubuhi humpelekea Bi Mwanakuu uji wa tangawizi, humkanda kifua, humfulia nguo. Sisi tukasema ana huruma huyu. Kumbe nafsi yake inamsuta, hali wala halali.

Jumatatu hii alishindwa kuvumilia. Aliniomba nimsindikize, na tulipofika akapiga magoti kando ya kitanda cha Bi Mwanakuu, analia.

"Mama, siku ile mlango wako naliupita makusudi. Naliona haya kukutoa nawe umo edani. Nisamehe, mamangu."

Bi Mwanakuu alikohoa kwanza, kikohozi kirefu. Kisha akamshika mkono.

"Nimekusamehe, mwanangu. Nalikusikia ukimwita jirani yangu Mirriam hapo kando. Nikavaa buibui langu, nikakaa mlangoni nikikungoja."