Jumapili Kaka Aliyokunywa Kwangu

Mwaka wa tatu wa vita kaka yangu mkubwa alikunywa pombe yangu. Wa kwingine atasema, "Ndiyo nini sasa?" Bujumbura ile, hiyo ilikuwa habari. Nilipoolewa na mtu wa kabila la upande wa pili, kaka aliacha kukanyaga kwangu. Kisha mume wangu akakimbilia Congo, akapita Gatumba mpakani, asisikike tena. Nikabaki mtaani Buyenzi peke yangu na viti vinne.

Kwetu mwenye nyumba huonja pombe kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Siku zile hata ndugu wa tumbo moja walingoja waonjewe. Basi Jumapili moja mchana kaka akatokea mlangoni, amelowa jasho. Nikaleta kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake, nikainama nionje. Akaninyang'anya mrija.

"Acha, dada, mi niko na kiu."

Akavuta, akavuta, akakunja uso. "Hii si pombe, ni juisi ya watoto!" Tulicheka mpaka machozi. Siku hiyo nilijiona mtu mwenye kwao.

Hapo ndipo nilipokosea. Jumapili iliyofuata nilikaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, sahani nzima, nikaazima glasi, nikawatangazia majirani, "Kaka yangu anakuja!" Nani aliniambia? Hakuna. Hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu. Lo, nilivyomchukia! Nilimtukana peke yangu jikoni, nikala ndagala zimepoa mpaka tumbo likauma. Ujinga mtupu. Alinipa siku moja nzuri, mi nikaigeuza kesi.

Miezi ikapita. Siku moja, bila taarifa, huyo tena. Sikuwa na chochote ila maji. Tukakaa labda saa moja, tukimkumbuka marehemu mama, alivyotuchapa wote wawili kwa kosa la mmoja. Saa ya amri ya kutotoka nje ikakaribia, akasimama. Swali likanipanda kooni: utarudi lini? Nikamwona usoni, analiogopa swali hilo. Nikalimeza.

"Uende muzuri, kaka. Nimefurahi, kweli."

Akanishika mkono, akakawia kuuachia.

Wiki ile mtaa wao ulishambuliwa. Sikumwona tena. Nililia mpaka sauti ikakauka, mi si jiwe. Lakini namshukuru Mungu, neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu halikuwa lawama.