Picha ya Kumi na Saba

Kibanda cha Birago kilipakana na duka langu la vitambaa vya msiba pale Bekwai, ukuta mmoja wa mbao. Mimi niliwavika wafiwa nyeusi na nyekundu, yeye aliwaonyesha marehemu wao. Miaka kumi na moja tulikula kwa vifo vya watu, na sioni haya kusema hivyo. Mchimba kaburi naye ana watoto.

Alianza na taipureta nje ya mahakama, akiwaandikia watu barua za malalamiko. Kompyuta zilipoingia wenzake walilia. Yeye aliuza kipande cha shamba la kakao, akanunua kompyuta iliyokwishatumika, akajifundisha mwenyewe. Siku hizi kwetu hakuna maziko ya heshima bila pazia jeupe na picha za marehemu zikipita zenyewe huku watu wakipeana mikono: marehemu mtoto, marehemu na baiskeli, marehemu na kitambi cha uzeeni. Wengine huipa kila picha sekunde nne, basi, kama wanagawa vidonge. Birago hakuutaka mtindo huo.

Alikuwa na utaratibu wake. Alimkalisha mbele ya kompyuta yule mfiwa mwenye uchungu kuliko wote, akamwekea kidole kwenye kitufe, akamwambia, "Tazama. Ukitosheka, bonyeza." Kompyuta iliushika muda ambao mfiwa aliitazama kila picha, na siku ya maziko picha zilipita kwa mwendo uleule, moja ikififia taratibu, nyingine ikichomoza.

"Unapoteza asubuhi nzima kwa picha arobaini!" nilimcheka siku moja.

"Pomaa," akanijibu, "mteja akija, unampimia kitambaa kwa mwili wake au kwa mwili wako?"

Alikuwa mkavu hivyo. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, na sababu naijua. Baba yake alipofariki, ukoo wa baba ulimtoa mama yake nyumbani na sufuria moja kichwani, ukidai hakuwa mke. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mke katika ukoo wa mumewe ni mgeni tu. Kinachomfanya mke ni vinywaji vya kichwa, zile chupa ambazo ukoo wa mume huwapelekea wazee wa mke mbele ya mashahidi. Chupa zikikosa shahidi, ni kama hazikunywewa.

Sasa alifariki mwalimu Adu-Tutu, na mambo yakataka kujirudia. Nyarkoa, mkewe, alikuwa ameishi naye miaka thelathini na miwili. Mkuu wa ukoo wa marehemu, Dapaah, tunayemwita Opanin kwa heshima ya uzee wake, akatangaza kwamba hakuna chupa iliyowahi kupelekwa. Maziko yakiisha, mwanamke afungashe, nyumba ni ya ukoo. Wazee waliozinywa zile chupa walikuwa wamekwisha kufa.

Mimi nilijua. Nilikuwepo, nimebeba beseni la nguo za bibi harusi. Lakini ukoo wa Dapaah ulinunua kwangu kitambaa cha kila msiba, nami nikafumba mdomo. Nyarkoa aliingia dukani mara moja, akasimama akinitazama. Nikajitia kupanga majora rafuni mpaka akaondoka. Niliamini hakuna tena anayekumbuka kwamba nilikuwepo, hata yeye.

Kuhusu picha, ukoo na watoto wa marehemu walipatana kwa kiapo mbele ya wazee: kila upande ulete ishirini, na asiwepo wa kuondoa picha ya mwenzake. Jumatano Nyarkoa alikuja na za upande wake, Birago akamkalisha kwenye kitufe. Niliwasikia kupitia mbao, kimya na mguno, kimya na kicheko kidogo. Kisha, kwenye picha ya kumi na saba, Nyarkoa akaanza kunong'ona, akanong'ona muda mrefu. Sikuyashika maneno. Nilidhani anasali.

Ijumaa akaja Opanin Dapaah mwenyewe, na fimbo yake.

"Picha za watoto sitaziondoa," akasema, "niliapa. Lakini juu ya muda hatukuapa. Ile ya kumi na saba, iwekee sekunde mbili."

"Mbona hiyo peke yake, Opanin?"

"Imechakaa. Itautia ukoo aibu."

"Nimesikia."

"Kusikia tu? Birago, misiba yote ya ukoo wetu hupita mlangoni kwako. Siku moja itapita mbele ya mlango isiingie."

"Nimesikia, Opanin."

Dapaah alipogeuza mgongo niliingia kibandani, nikamrukia Birago kwa maneno. "Weka hizo mbili, mwenzangu! Utakula mawe? Mwenye nguvu mpishe."

Birago alinitazama, mikono imetulia juu ya meza. "Pomaa, una hakika ndivyo unavyotaka?"

"Mimi nahusika nini? Nakuhurumia wewe."

"Haya," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi uwanja ulijaa. Dapaah na wazee walikaa mbele chini ya turubai. Nyarkoa alipewa kiti cha plastiki nyuma kabisa, karibu na masufuria, kama jirani aliyekuja kusaidia kuosha vyombo. Ule uonevu ulinichoma, nami nilikuwa nimevaa kitambaa nilichowauzia wao. Birago alikaa kando ya projekta yake. Picha za ukoo zikapita zote, zikaanza za watoto, hadi ikachomoza ya kumi na saba.

Ilikuwa imefifia hadi rangi ya chai. Kwanza unaona wazee tu wameketi uani. Ukiendelea kutazama unamwona mwalimu kijana ndani ya suti inayombana, na Nyarkoa ameinamisha kichwa. Sekunde mbili zikapita. Zikapita kumi.

"Imekwama!" mtu akasema.

"We Birago, isogeze!" Dapaah akafoka.

Birago akainua mikono yote miwili, watu wote wakaiona. "Inakwenda yenyewe, Opanin." Kisha akaiweka magotini. Kidole kimoja kingetosha kuisogeza picha ile. Hakukiinua.

Ndipo Nana Sewaa, dada mkubwa wa marehemu, akasimama. Macho yake ni mabovu, kwa hiyo akalisogelea pazia hadi pua ikakaribia kuligusa.

"Huyu ni mdogo wangu. Huyu ni mke wake. Na huyu aliyeinua chupa... Dapaah, si wewe huyu, na masikio yako hayo?"

Watu wakacheka, kisha wakaona, wakaacha kucheka.

"Ni mimi, Nana," Dapaah akasema, hakutetereka. "Tulikwenda kubisha hodi tu. Chupa ya hodi si ndoa. Yuko wapi wa kusema vingine? Wote wamekufa."

Lilikuwa jibu zuri, nami kwa aibu yangu nilipata nafuu. Lakini picha haikuondoka. Kidole cha Nana Sewaa kikazidi kutambaa juu ya pazia, polepole, hadi ukingoni kabisa.

"Na huyu mwenye beseni? Huyu mbona hajafa? Si Pomaa wa vitambaa?"

Nilijiona. Nilikuwa mwembamba, nimetoa meno yote, nimeshika beseni kwa mkono mmoja na glasi kwa mwingine. Vichwa vyote vikanigeukia, na nyuma kule karibu na masufuria Nyarkoa naye alikuwa akinitazama, vilevile kama siku ile dukani.

"Pomaa," Nana Sewaa akaniuliza, "ilikuwa chupa ya hodi au ya kichwa?"

"Ya kichwa, Nana."

"Sema wasikie."

"Ilikuwa ya kichwa! Opanin Dapaah ndiye aliyemimina. Mimi pia alinimiminia, nikanywa."

Picha ikafifia, ikachomoza ya kumi na nane. Nana Sewaa alikwenda hadi nyuma, akamshika Nyarkoa mkono, akamleta mbele kwenye kiti cha mjane. Hadi leo anakaa katika nyumba ile.

Ukoo wa Dapaah ulituhama sote wawili, mimi na Birago. Mwaka ule tulikula mihogo mitupu hadi tukaichukia.

Jioni ya maziko nilimsaidia kukunja nyaya. Nikamwuliza kama alisahau kuweka zile sekunde mbili.

"Sikusahau."

"Na ulijua kwamba nimo?"

"Nyarkoa aliwataja wote waliomo, mmoja mmoja. Zilimchukua sekunde mia moja na kumi."

"Mbona hukuniambia, Birago? Ijumaa ile nilisimama mbele yako!"

Akalifunga sanduku la projekta, akahakikisha limefungika.

"Nilikuuliza kama una hakika," akasema. "Ulikuwa wa mwisho kutajwa, Pomaa. Ningepunguza hata sekunde kumi, usingeonekana."