Sweta Kisiwani Mafia

Sufu ikianza kuungua hutoa harufu ya nywele za mtu mwenye hasira. Kila ninapoinusa, elimu yangu yote ya chuo kikuu hunitoka, nami huwa tena mtoto wa Njombe wa enzi za Mwingereza, mwenye sweta na mwenye kinyongo.

Sweta hilo mama alilifuma kwa ajili ya safari ya kisiwa cha Mafia, ambako baba mdogo alikuwa karani wa serikali. Alikuwa ametualika likizo, mimi na baba, tukaone bahari. Kwetu maji yote ni baridi, na mama alifikiri kwa namna rahisi: kama kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, baridi ya huko itakuwa ya kuua. "Usilivue, mwanangu," aliniambia tulipopanda lori la kwenda Makambako. "Usije ukatuaibisha kwa kukohoa kwenye nyumba za watu."

Sikulivua. Mafia tulifika adhuhuri, jua likiwa utosini. Kwetu mgeni hukaribishwa motoni, na haondoki hapo kabla hajala, maana kuondoka ni kumdharau mwenyeji. Basi sikungoja kuelekezwa. Niliingia jikoni, nikaketi kando ya mafiga kwa adabu zangu zote, jasho likinitiririka mpaka kwenye nyayo, na sufu ya sweta ikianza kunuka kuungua.

Tabitha, binti wa baba mdogo, rika langu, alichungulia mlangoni. Alizaliwa Ubena, huko kwetu Njombe, lakini alikulia kisiwani, na baridi ilikuwa imeshamtoka kumbukumbuni.

"Dada, unafanya nini hapo?"

"Nimekaribia."

Akatoka mbio. "Jamani, njooni mwone. Ndugu yangu kaja kujikaanga."

Watu wa nyumba wakajaa mlangoni wakicheka. Tabitha akanishika mkono kunivuta nje, huku akinisukumia dafu mdomoni. Mimi nikang'ang'ania kigoda. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Samaki Mkavu. Nilioneshwa mchanga mweupe kama sembe, popo wakubwa wakining'inia mitini mchana kweupe, na kasa akirudi baharini taratibu kama mzee wa kanisa. Yote niliyatazama kupitia kinyongo. Hata yule kasa nilimpima kwa jambo moja tu: kama angeweza kumng'ata Tabitha.

Wahenga walisema aliyeko juu mngoje chini. Sisi wa Njombe tuko juu, kwa hiyo nilimngoja hukohuko juu.

Alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Nilikwenda na baba kumpokea Makambako. Alishuka na gauni jepesi la pamba, meno yakigongana. Nilimkumbatia kwa upendo mkubwa, na njiani nikamnong'oneza kwamba kwetu ni aibu msichana kukimbilia moto. Hukaa uani mpaka aitwe. Alikaa uani. Midomo ilipogeuka zambarau akashindwa, akaingia jikoni mbio. Hadhira nilikuwa nimeshaiandaa, watoto wa jirani wote.

"Njooni mwone," nikasema, maneno niliyoyafanyia mazoezi mwaka mzima. "Samaki wa pwani kaganda."

Hakuna aliyecheka. Kwetu anayetafuta moto hachekwi; ni sawa na kumcheka mwenye njaa. Watoto wakajibana, wakampa nafasi, mmoja akamchomea kiazi. Mama akanigeukia.

"Wewe umeshapata joto. Mpishe mwenzio. Na hilo sweta, vua."

Nikaishia mlangoni, upepo ukinichapa mgongo, nikimtazama Tabitha akila kiazi ndani ya sweta langu.

Ilinichukua miaka mingi, na makala kadhaa nilizoandika kwa majivuno kuhusu ukarimu wa Mwafrika, kuelewa kwamba lile dafu ndilo lililokuwa moto wao. Kule mgeni huvutwa kwenye upepo na kivuli, kama sisi tunavyomvuta jikoni. Tabitha alinicheka, ndiyo, lakini mkono wake ulikuwa unanikaribisha.

Kuelewa ni jambo moja, kusamehe ni jambo jingine. Siku hizi Tabitha ni bibi mwenye miwani, na akija Njombe nampa kiti cha heshima, karibu kabisa na moto, upande ule moshi unakoelekea. Anatokwa machozi, anafuta miwani, ananishukuru.

"Sogea zaidi, dada," namwambia. "Wewe ni mgeni."