Tone la Damu Kabla ya Kuuza

Mimi nauza nguo za ndani. Nasema mapema ili mwenye kuona haya aone sasa, tusisumbuane mbele. Nauza sidiria, chupi, soksi na shumizi za mitumba. Robota nalifungua Malindi mjini, nilikozaliwa, kisha nazunguka na mzigo kwenye chete, yale masoko ya siku moja kwa wiki. Leo niko Adu, keshokutwa Jilore, na siku nyingine nakwenda kokote nikisikia watu wamevuna. Mamangu hakupenda. Alisema binti wa nyumba yetu hasimami juani akipunga sidiria mbele ya wanaume. Lakini alikula kwa sidiria hizo mpaka siku yake ya mwisho, na sikuwahi kumsikia akilalamika wali ukishapakuliwa.

Kuna jambo moja ambalo muuza nyanya halipati. Nyuma ya meza yangu nimefunga shuka kwenye vigingi viwili, na mteja huingia humo ajaribu. Mwanamke akishavua blauzi mbele yako, maneno nayo hayamkai kifuani. Nyuma ya shuka ile nimesikia mambo ambayo sheikh hajayasikia wala padri. Nani anawashwa, nani anatokwa na uchafu, nani amelala na mwenye lori ili gunia lake la mahindi lisiachwe njiani. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja tu: pole, mdogo wangu. Sikuwa na lingine. Nami mwenyewe, niliyeachika na kisha nikawa na bwana wa kuja na kuondoka pale Malindi, sikuwahi kupimwa hata siku moja. Niliogopa. Nilikuwa na ulimi mrefu kwa watu wote, lakini likija suala la damu yangu nilikuwa bubu.

Jirani yangu wa Adu alikuwa muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa jua, aliyetoka Sabaki na beseni lake kichwani. Nilimzidi miaka kama kumi, akaniita dada. Tuligombana kila wiki kwa sababu wateja wangu walirudi nyumbani na chupi zinazonuka papa. Yeye alinijibu kwamba samaki wake ndio walioharibiwa jina kwa kulala karibu na chupi. Tulipendana sana.

Mumewe alikuwa dereva wa pikapu iliyotubeba sisi na mizigo yetu kutoka Malindi hadi Adu na kuturudisha. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye wanawake kila penye kituo, na kila mmoja wetu alilijua hilo, ingawa yeye alidhani hatujui. Mkewe alijua pia. Alinyamaza kwa sababu alikuwa na jambo zito zaidi la kubeba. Alikuwa ameshika mimba mbili na hana mtoto. Ya kwanza ilitoka ikiwa miezi sita. Ya pili ilifika, lakini mtoto alizaliwa hana pumzi. Watu walimwambia ni jicho, wengine wakasema ni mizimu ya kwao. Akapelekwa kwa mganga, akatoa mbuzi, akafungwa hirizi. Alipoota kidonda sehemu za siri alinunua vidonge kwa yule muuza dawa anayezunguka na mkoba chete nzima, kidonda kikapotea, akashukuru.

Ile mimba ya tatu niliijua kabla ya mumewe. Aliingia nyuma ya shuka akaomba sidiria kubwa zaidi. Nikampa. Wiki tatu baadaye akaomba kubwa tena. Nikamtazama, naye akatazama chini.

"Miezi minne, dada," akasema. "Usimwambie mtu. Nikiitaja nitaipoteza."

"Umekwenda kliniki?"

"Siku ya kliniki ya kwetu ndiyo siku ya chete. Nikikaa kliniki, samaki wataozea nyumbani."

Nilitaka kumkemea, nikakumbuka kwamba mimi sina haki ya kumkemea mtu kwa habari ya kliniki.

Ndipo likaja lile hema. Zahanati ya karibu ilimleta muuguzi mmoja, mwanamke wa bara, Mkristo, kijana bado, mwenye viatu visivyojua mchanga. Akapiga hema lake karibu na mashine ya kusaga unga, saa mbili asubuhi, tukiwa tunapanga bidhaa. Akapita kwenye mstari wetu, mtu kwa mtu, akitueleza kwa upole kwamba wanawake wa safari kama sisi tunakutana na hatari nyingi, kwamba tone moja la damu ya kidole linatosha kuonyesha virusi vya ukimwi na kaswende pamoja, na kwamba majibu hutoka tungali sokoni. Tukamwitikia vizuri. Tukamwambia ahsante daktari. Hakwenda hata mmoja.

Wiki ya pili, vivyo hivyo. Wiki ya tatu alikuja akasimama mbele ya meza yangu, uso umemwiva.

"Mama, nyinyi watu wa huku mna shida gani? Nawaita tangu asubuhi. Ni aibu ama ni kiburi?"

Sasa mimi ukinitajia kiburi asubuhi, unakipata. Nilifungua mdomo nimjibu jibu la kumrudisha kwao. Lakini nikaona macho yake yamejaa machozi, nikaona pia kwamba hajui. Hakuna aliyemwambia. Sisi tulidhani kila mtu duniani anajua.

Kwenye chete yetu, mwanamke hatoi kitu kabla hajauza. Hutoi chenji, hutoi moto wa kuwashia jiko, hukopeshi hata pini. Ukitoa kabla mkono wako haujafunguka, umeitoa riziki ya siku nzima, na hutauza. Mamangu alilijua hilo ingawa hakuuza kitu maishani mwake. Na huyu binti alikuja saa mbili asubuhi, kabla ya mauzo ya kwanza, kutuomba damu. Afadhali angetuomba beseni zima la samaki.

Nikamweleza. Akanitazama kama anayetaniwa.

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Nunua," nikamwambia. "Nunua kwa kila mmoja, kitu chochote, hata kidogo. Utufungue mikono, kisha tudai utakacho."

Akachomoa pochi yake. Kwangu alichukua soksi. Kwa jirani yangu alichukua ng'onda mmoja mdogo, akamshika kwa vidole viwili kama anayeshika panya. Akashuka mstari wote, akanunua kitana, fungu la mchicha, ndimu, sabuni ya kipande, hata akajaza mfuko. Wanawake wakamtazama wasijue kama wacheke. Alipofika mwisho akageuka akatukabili na mzigo wake, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Haya. Sasa?"

Muuza mchicha ndiye aliyeinuka kwanza. Akanipungia mkono nimwangalizie bidhaa, akaenda. Halafu wa kitana. Tukawa tunaangaliziana, mmoja akitoka mwenziwe anauza vya wawili. Mimi nilikwenda wa tano. Nilipokaa kwenye kile kiti cha plastiki nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuyatumia tangu utoto. Majibu yangu yakawa safi. Nikatoka nimenyooka, nikalia kidogo nyuma ya mashine ya kusaga, na nikaweka nadhiri kwamba bwana wa kuja na kuondoka atavaa mpira au ataondoka asirudi. Alichagua kuondoka.

Jirani yangu alikwenda baada yangu. Alikawia. Aliporudi hakukaa kwenye beseni lake, aliingia moja kwa moja nyuma ya shuka. Nikamfuata.

"Ukimwi sina," akasema. "Nina kaswende. Daktari yuwasema ndiyo iliyoua watoto wangu. Yuwasema huenda huyu pia, nisipotibiwa."

Nilishikwa na hasira ambayo sijui niliielekeza kwa nani. Mbuzi, hirizi, vidonge vya mkobani, miaka yote hiyo, na adui ni kitu kinachotibika kwa sindano.

"Sindano ngapi?" nikamuuliza.

"Tatu. Moja leo, na nyingine kila baada ya siku saba. Na mume wangu naye adungwe, la sivyo ataniambukiza tena, na itakuwa kutwanga maji kinuni."

Ya kwanza alidungwa siku ileile. Kwa mara ya kwanza siku saba zetu zilitufaa, maana chete hurudi kila siku ya saba na muuguzi alirudi nayo. Wiki ya pili bahari ilichafuka na Sabaki hakukuwa na samaki wa kukausha. Alikuja na beseni tupu. Alipanda pikapu saa kumi na moja alfajiri, akasafiri hadi Adu bila hata dagaa mmoja, akadungwa, akakaa kando yangu mpaka jioni akinisaidia kukunja sidiria. Nilijivunia mtu yule kama niliyemzaa.

Lakini mume alikataa. Alipoambiwa nyumbani alisema yeye haumwi, ana nguvu zake, na mke asimletee maradhi ya sokoni. Wiki ile ya pili alimkatalia tena. Jirani yangu akaanza kumhepa kitandani kwa visingizio, na visingizio vya mke vina mwisho wake. Sindano ya tatu ilikuwa imebaki, mtoto alikuwa amekwisha kuanza kucheza tumboni, na yote yangeweza kuharibiwa na ukaidi wa mtu mmoja mwenye funguo za gari.

"Mwambie atuache wote njiani basi," nikasema kwa uchungu, na neno hilo ndilo lililotufungua akili. Maana lilitaka kugeuzwa tu: sisi ndio tumwache yeye.

Siku ya sindano ya tatu niliwapitia wanawake wa mstari wetu, kumi kwa idadi. Sikuwaambia siri ya mtu. Nilisema, jioni ya leo hatupakii mpaka mwenzetu aseme tupakie. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wanawake wa chete wanajua kuna maswali ambayo jibu lake liko nyuma ya shuka.

Jioni ikafika. Pikapu ikasimama, nyuma wazi, na dereva akashuka akijipangusa jasho. Sisi tumekaa juu ya marobota na magunia yetu.

"Mnangoja nini, akina mama?"

"Twakungoja wewe," nikamwambia.

Akacheka. Akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye, asimpate. Bila sisi gari lile lingerudi Malindi likibeba upepo, na alilijua hilo kuliko sisi. Hapo jirani yangu akasimama, tumbo lake limejitokeza sasa, mikono yake haina kitu. Hakupaza sauti.

"Bwanangu, nimezika wawili," akasema. "Wa tatu simziki. Nenda kwa daktari, yuwakungoja."

Sijawahi kuona mtu akitafuta pa kuweka macho yake kama yule siku ile. Alitutazama mmoja mmoja, sote kumi na wawili, na kila mmoja akamrudishia macho. Kisha akaliendea lile hema, funguo zikilia mkononi. Alipotoka alikuwa akitembea upande. Muuza ndimu akamwambia pole, baba, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. Tukapakia mizigo kwa haraka isiyo ya kawaida, na tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo lile mbele yake. Sindano zake nyingine alizifuata mwenyewe. Namwekea heshima kwa hilo, ingawa ilinichukua muda.

Siku hizi chini ya robota langu huwa na pakiti za kondomu ninazopewa na muuguzi. Anayenunua sidiria namtilia ndani, simuulizi. Wengine hunirudia wiki ya pili bila kununua chochote, wananitazama tu, nami nawapa. Lakini hawanijii kabla sijauza. Wananijua.

Mtoto alizaliwa hospitalini Malindi, wa kike, akalia mpaka mkunga akacheka. Akapimwa, akaonekana mzima. Nilipopata habari nilikuwa Jilore nikibishana na mteja juu ya soksi, nikampa soksi zile bure ili nipate kukaa chini.

Arobaini ilipokwisha, jirani yangu alirudi Adu. Alikuja na beseni limejaa na mtoto amefungwa mgongoni kwa leso. Tulikuwa tunapanga bidhaa, hakuna aliyeuza hata sindano ya kushonea. Akalitua beseni, akachagua ng'onda mkubwa kuliko wote, akamwendea muuguzi aliyekuwa akipita na pochi yake mkononi kutufungulia soko kama ilivyokuwa desturi yake sasa. Akamnyooshea samaki. Yule binti wa bara akarudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono.

"Hapana, mama, hujauza bado. Wacha ninunue."

"Sikuuzii. Chukua."

"Na soko lako likifunga?"

Jirani yangu akajigeuza kidogo, ili yule muuguzi aone kilichokuwa mgongoni.

"Na lifunge," akasema. "Huyu hapa."

Muuguzi akampokea samaki kwa mikono miwili. Mstari mzima uliona, na hakuna aliyetamka neno nuksi.